Je, wajua kwa nini kanisa hili la Kilutheri limejaa picha za watakatifu?

Ukiingia kanisa la Fanefjord, kijijini kwenye kisiwa cha Møn huko Denmark, inua macho juu. Ibada ni ya Kilutheri kabisa, ila dari imejaa picha: Adamu na Hawa, Siku ya Hukumu, watakatifu kibao, hadi shetani anayeandika umbea wa wanawake wawili wanaopiga soga. Msharika wa KKKT (kanisa la Kilutheri la Tanzania) aliyezoea kuta nyeupe na msalaba mbele anaweza kudhani kapotea kaingia kwa Wakatoliki.

Ukweli ni kwamba kanisa lilikuwepo kwanza, Ulutheri ukalikuta. Lilijengwa miaka ya 1200 na Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, kazaliwa 1483. Picha nyingi zilichorwa karibu na 1500, wakati misa ni ya Kilatini na wanakijiji wengi hawajui kusoma, kwa hiyo Biblia yao ilikuwa pale darini. Mwaka 1536 mfalme Christian III akaifanya Denmark yote kuwa ya Kilutheri, na makanisa ya vijijini yakabaki yaleyale, kilichobadilika zaidi ni vyombo vya ndani. Altari ndogo za watakatifu zikatolewa ikabaki ile kubwa ya mashariki, mimbari ya mbao iliyochongwa ikapewa nafasi ya heshima maana sasa mahubiri ndo moyo wa ibada, na kwa vile mahubiri yalikuwa marefu mabenchi nayo yakajaa (zamani wengi walikuwa wanasimama tu). Visima vya ubatizo vya jiwe, sehemu nyingi viliachwa palepale na watoto wanabatiziwa humo hadi leo.

Sasa kwa nini picha hazikuvunjwa? Hapa tumshukuru Luther mwenyewe. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg, mji wake huko Ujerumani, walianza kuvunja sanamu na picha makanisani, yeye akatoka mafichoni kwenye ngome ya Wartburg akarudi mjini akahubiri siku nane mfululizo, akisema picha yenyewe haina kosa, kosa ni kuiabudu. Kule Zürich, Uswisi, kwa Zwingli, mwanamageuzi mwingine wa kanisa, mambo yalikuwa tofauti, 1524 makanisa yalisafishwa picha zote.

Picha za Fanefjord zilikuja kufunikwa baadaye kwa chokaa, na kwa Denmark kwa ujumla hiyo haikuwa chuki tu, picha zilichakaa, ladha za watu zikabadilika, kuta nyeupe zikapendwa. Lakini chokaa hiyohiyo ndo iliyozikinga na mwanga na moshi wa mishumaa kwa miaka mingi sana! Miaka ya 1930 mafundi wakaibandua taratibu, na rangi nyekundu, kahawia na kijani zikatoka zikiwa bado nzuri.

Mchoraji jina lake halijulikani, anaitwa tu Fundi wa Elmelunde, kwa sababu kachora pia kanisa la Elmelunde na la Keldby hapohapo kisiwani. Utamtambua kwa nyuso: watu wake wana kope nzito kama wanasinzia, hata wanaoingia motoni.