Mpangaji naye anapata msaada wa kupasha nyumba joto

Huku Maine, jimbo la Marekani lenye baridi kali, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wapya hufika miji ya Portland na Lewiston, na kabla theluji haijaanguka huwa wameshaambiwa: "Msaada wa mafuta ya kupasha nyumba joto ni wa wenye nyumba. Wewe umepanga, utapewa nini?" Si kweli.

Mpango huo wa serikali kuu ya Marekani, LIHEAP, ulioanzishwa mwaka 1981, hauulizi hati ya nyumba. Unaangalia zaidi kipato na idadi ya watu mnaoishi pamoja. Hata ambaye gharama ya joto imo ndani ya kodi ya pango anaweza kuomba. Apeleke tu mkataba wake wa upangaji unaoonyesha hivyo.

Wengine huuogopa wakidhani ni mkopo. Hapana, haulipwi. Ila pesa kwa kawaida hutashika mkononi: huenda moja kwa moja kwa muuza mafuta au kampuni ya umeme. Wala haimalizi bili yote ya msimu, kwa hiyo usiache kuweka akiba.

Kosa linaloumiza kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kungoja tangi la mafuta likauke. Fungu la mwaka lina mwisho, na maombi huchukua muda kushughulikiwa. Omba mapema, ukiwa na vitambulisho, hati za mshahara na bili. Likikukauka ghafla, ipo sehemu ya dharura katika mpango huo. Wapigie simu wanaopokea maombi siku hiyo hiyo, na uwaombe mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya.