Kurefusha Maisha ya Nguo ili Kulinda Mazingira

Sehemu kubwa ya madhara ambayo vazi huyaletea mazingira hutokea kabla halijamfikia mvaaji, yaani shambani, viwandani na mahali kitambaa kinapotiwa rangi. Kwa sababu hiyo, ushauri wetu wa kwanza kwa umma ni kuzivaa kwa muda mrefu zaidi nguo ambazo tayari zimo kabatini, na tunautanguliza mbele ya ushauri wa kununua bidhaa mpya, hata zile zinazotangazwa kuwa rafiki kwa mazingira.

Fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji hadi kukamilika, na mengi kati ya hayo huishia shambani. Gharama ya kilimo hicho inaonekana wazi katika Asia ya Kati, ambako kuanzia miaka ya 1960 maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwa wingi kwenye mashamba, hasa ya pamba. Bahari ya Aral, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ilikauka ikabaki sehemu ndogo tu; vyombo vya uvuvi viliachwa juu ya mchanga, na hadi leo upepo hupeperusha chumvi na masalia ya viuatilifu hadi kwenye makazi ya watu.

Poliesta haihitaji shamba, lakini hutokana na mafuta ghafi, nayo sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani. Kila inapofuliwa hutoa vijinyuzi vidogo mno vya plastiki ambavyo huingia katika maji taka na hatimaye mitoni na baharini.

Ufuaji, basi, unastahili uangalifu kuliko tunavyoupa. Nguo iliyovaliwa kwa saa chache, isiyo na jasho wala uchafu, inatosha kutundikwa mahali penye hewa, na doa moja linaweza kusafishwa peke yake. Wanaotumia mashine wachague maji baridi, kwa kuwa umeme mwingi wa mashine ya kufulia hutumika kupasha maji moto, na wasubiri hadi nguo zitoshe kuijaza, maana nguo chache zinazosukwasukwa katika maji mengi hupoteza vijinyuzi zaidi. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini ili zisipauke upesi.

Inapobidi kununua, ligeuze vazi na uchunguze upande wa ndani. Mshono uliobana, usioachia nafasi unapovutwa kidogo, na akiba ya kitambaa iliyoachwa pembeni mwake ni dalili kwamba fundi ataweza kulipanua au kulirekebisha baadaye. Soma pia lebo, kwa sababu kitambaa kilichochanganya pamba na poliesta ni kigumu kurejelezwa. Kuzitenganisha nyuzi hizo kunahitaji teknolojia ambayo bado haijaenea. Taasisi ya Ellen MacArthur, shirika linalohimiza vitu vitumike tena badala ya kutupwa, ilikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi za mavazi ndiyo inayorudi kuwa mavazi mapya. Ndiyo maana hatupendi kuona visanduku vya kukusanyia nguo kuukuu vikichukuliwa kuwa ruhusa ya kununua bila kipimo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mifuko ya kubebea bidhaa. Mwaka 2018, utafiti wa mamlaka ya mazingira ya Denmark ulionyesha kwamba mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya mfuko wa kawaida wa plastiki wa dukani, na vigezo vyote vya mazingira vikijumuishwa idadi hiyo hufika mara 7,100. Mwenye mifuko kumi ya pamba iliyokunjwa nyumbani hana haja ya kupokea wa kumi na moja, hata ukitolewa bure.

Vazi lililochakaa kabisa bado lina kazi. La pamba hunyonya maji vizuri, hivyo likatwe kuwa matambara ya kufutia meza na sakafu. La poliesta halifai sana kwa kazi hiyo; ling'olewe vifungo na zipu kwa ajili ya matengenezo ya nguo nyingine, na kitambaa chake kitumike kujazia mito.