Si kila gogo la mwerezi hushinda mchwa

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya simu hapa Mwanza hudai kwamba nyumba ya magogo ya mwerezi haiozi wala hailiwi na mchwa, hivyo haihitaji dawa wala msingi wa mawe. Tunaomba usisambazwe tena, kwa kuwa una ukweli nusu tu.

Mafuta ya asili yanayofukuza wadudu na kuzuia kuvu yamo katika kiini cha mti. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina kinga hiyo, na gogo zima hubeba zote mbili. Hata kiini, kikigusa udongo wenye unyevu miaka mingi, huoza hatimaye.

Mkanganyiko hukuzwa na jina lenyewe, maana "mwerezi" huitwa miti ya jamii tofauti, ukiwamo mtarakwa wa nyanda za juu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akate ncha ya gogo: kiini cha mtarakwa ni chekundu-kahawia na hunukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi, na hapo utaona pia upana wa ule weupe.