Wanaofuatilia Nyota Badilifu Nakuru na Kisumu: Andikeni Saa Sahihi

Tangu tuwaombe wakazi wa Nakuru, Kisumu na kaunti jirani watusaidie kufuatilia nyota badilifu, yaani nyota ambazo mng'ao wake huongezeka na kupungua, fomu zinakuja kwa wingi, na tunawashukuru kwa dhati. Lakini nyingi hatuwezi kuzitumia.

Kwanza, nyota kumetameta si kubadilika. Kule ni hewa yetu inayochezesha nuru. Na kile kinachong'aa kupita vyote magharibi jua likishazama, mara nyingi ni Zuhura, ambayo ni sayari. Tumelisema hili mara nyingi. Tafadhali msituandikie tena.

Tunayoitaka ni Eta Aquilae, katika kundi la Ukabu. Hii ni Sefeidi, nyota inayofura na kusinyaa kwa zamu, na mng'ao wake ukabadilika. Tabaka la heli ndani yake huzuia joto, nyota ikafura. Likipoa hupitisha nuru, nyota ikarudi. Mzunguko mmoja huchukua siku 7 na saa 4 hivi. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt, akitumia Sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota) ndogo iliyo jirani na yetu, alionyesha kwamba mzunguko ukiwa mrefu, nuru halisi ya nyota nayo ni kubwa. Linganisha nuru hiyo na kiasi kinachotufikia, utapata umbali. Ndivyo mwanaastronomia Edwin Hubble, baada ya kuona Sefeidi ndani ya Andromeda mwaka 1923, alivyothibitisha kuwa ile ni galaksi nyingine, nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Leo tunajua iko umbali wa miaka nuru milioni 2.5 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Mzunguko ukikosewa, umbali nao umekosewa. Kwa hiyo saa ijazwe hivi: tunatumia saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya saa ya Kenya kwa saa 3. Saa tatu usiku huandikwa 18:00. Saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5 huandikwa 23:00, tarehe 4. Hapo kwenye tarehe ndipo wengi wanapoanguka. Mng'ao ukadiriwe kwa kulinganisha na nyota mbili za kundi hilo hilo, Delta Aquilae (mng'ao 3.4) na Iota Aquilae (4.4); namba ndogo ndiyo yenye mng'ao zaidi.

Fomu isiyo na saa, au iliyojazwa kesho yake kwa kukumbuka, inafutwa. Ukifutiwa fomu tatu, unaondolewa kwenye orodha hadi urudie mafunzo. Anayenakili makadirio ya mwenzake anaondolewa papo hapo, na fomu zake zote za nyuma zinafutwa.

Darubini haihitajiki. Ikweta inapita Maseno, na Eta Aquilae iko nyuzi 1 tu kaskazini mwa ikweta ya anga, mstari wa kufikirika angani juu ya ikweta ya dunia, hivyo Septemba, kati ya saa tatu na saa nne usiku, huwa karibu na utosini. Zima taa ya nje, yape macho dakika 20 yazoee giza. Mawingu yakitanda, andika "mawingu" badala ya kuacha nafasi wazi, tusije tukadhani umesahau kujaza.