Je, wajua saa moja ya skrini kwa mtoto ilitoka wapi?

Habari hii imesambaa sana: mtoto mdogo akizidisha saa moja kwenye simu au runinga, ubongo wake unadhurika, na wa kulaumiwa ni mzazi. Anayetajwa ni Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo halikusema hivyo.

Mwongozo wake wa Aprili 24, 2019 unahusu watoto walio chini ya miaka 5: kucheza, kukaa tu na kulala. Ni kweli, chini ya miaka 2 skrini haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja, ikipungua ni bora. Lakini mtoto wa miaka 3 anatakiwa pia ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, alale saa 10 hadi 13, na asibanwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, kwa mfano kwenye kigari, na kwa walio wadogo zaidi ya huyo, hata mgongoni kwa mlezi. Mbeleko nayo imo! Taarifa ya WHO ilikuwa na kichwa kuhusu watoto kukaa kidogo na kucheza zaidi. Magazeti yakakimbilia skrini. Saa ile imewekwa ili skrini isile muda wa mchezo na usingizi. Si kipimo cha sumu, na WHO wenyewe waliandika kwamba ushahidi ni wa ubora wa chini sana.

“Inadhuru” inatoka wapi basi? Tafiti nyingi huwauliza wazazi mtoto hutazama saa ngapi, kisha hupima lugha au tabia yake. Mtafiti anaandika “vinahusiana”, msomaji anapelekewa “inasababisha”. Chukua dawa ya homa: ukihesabu chupa nyumba kwa nyumba, penye chupa nyingi utakuta watoto wengi wenye homa, na kadiri homa inavyopanda ndivyo dawa inavyotumika zaidi. Hakuna atakayesema dawa ndiyo iliyoleta homa. Mtoto asiyetulia naye hupewa simu ili atulie. Utafiti wa Marekani katika jarida la Pediatrics, 2014, ulikuta watoto waliokuwa wagumu kutulizwa wakiwa na miezi 9 walitazama zaidi walipofika miaka 2. Tofauti ilikuwa ndogo, na haithibitishi kwamba skrini haina athari.

Kosa si la waandishi wa habari peke yao. Jarida la tiba la BMJ, mwaka huohuo, lilichapisha uchambuzi wa taarifa 462 za vyuo vikuu vya Uingereza kwa vyombo vya habari kuhusu afya: 33% zilitia chumvi kwenye madai ya chanzo na matokeo. Taarifa ikitia chumvi, 81% ya habari zilifuata. Isipotia, 18% tu.

Kisha huja “wazazi waonywa”, bila neno juu ya nyumba isiyo na uwanja, wala programu zinazoanzisha video inayofuata zenyewe. Januari 2019, chuo cha kifalme cha madaktari wa watoto cha Uingereza kilikataa kabisa kutaja idadi ya saa. Kiliwapa wazazi maswali manne: je, matumizi ya skrini nyumbani yanadhibitika? Yanavuruga mambo ambayo familia inataka kufanya? Yanakula usingizi? Mnaweza kujizuia kutafunatafuna mkiwa mbele ya skrini?