Saratani Iliyosambaa: Mchango wa Bili na Fungu la Utafiti

Jijini Nairobi, mara nyingi mchango huanza kuitishwa siku chache tu baada ya daktari kuieleza familia kwamba saratani imesambaa. Kikundi cha WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, na kila shilingi huelekezwa kwenye bili ya hospitali. Huo ni utu, na hatuombi yeyote aupunguze. Tunachoomba ni kwamba, pale ambapo kanisa, msikiti au chama kina uwezo wa kuchanga zaidi, litengwe fungu dogo, lenye hesabu zake peke yake, kwa ajili ya utafiti.

Saratani ikisambaa, maana yake ni kwamba seli zimetoka zilikoanzia na kukita kwingine, kama vile kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Saratani ya titi iliyofika mfupani bado ni saratani ya titi na hutibiwa hivyo. Kwa kawaida haiponi kabisa, lakini kuna wanaoishi nayo miaka kadhaa, wakifungua biashara zao asubuhi na kulea watoto, mradi tu ugonjwa udhibitiwe na maumivu yatulizwe. Kazi hiyo ya kutuliza ndiyo huduma shufaa, ambayo Nairobi Hospice imekuwa ikiitoa tangu 1990. Inasikitisha kwamba familia nyingi bado huiogopa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo alichoandika daktari, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu hufunga tumbo. Mgonjwa anayeinywa ipasavyo kwa ajili ya maumivu ni nadra sana kuwa mraibu. Mara nyingi tunachokiona ni kwamba analala, anakula na kuzungumza na watu wake.

Mwaka wa 2020, makadirio ya kimataifa yaliiweka Kenya kwenye wagonjwa wapya wapatao 42,000 na vifo vipatavyo 27,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ya majaribio yanayoamua dawa na vipimo vyake hufanyiwa Ulaya na Marekani, kwa wagonjwa wasiofanana na wetu kwa hatua wanayofikia hospitalini wala kwa maradhi mengine waliyo nayo.

Kwamba utafiti wa hapa unaweza kubadili mambo si ndoto. Wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 walishiriki jaribio la chanjo dhidi ya virusi vya HPV huko Thika, Nairobi na Kisumu, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5, kwa miezi 18, dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili za virusi hivyo, zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja. Lakini chanjo haimtibu mama ambaye ugonjwa umekwisha kumwenea, na maswali yanayomhusu yeye hupata wafadhili wachache.

Fedha za utafiti hutumika mahali ambapo mchangaji haoni. Kipande cha uvimbe hutiwa fomalini, kemikali ya kukihifadhi kisioze, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ili vitazamwe kwa hadubini. Anahitajika mtu wa kukiandikia nambari, jokofu la sampuli nyingine lisilozimika umeme unapopotea, na karani wa kumfuatilia mgonjwa kwa simu miaka mingi baadaye.

Kabla ya kutuma mchango, uliza kama utafiti una kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa inayoidhinisha utafiti nchini Kenya, na kama akaunti yake ni tofauti na ya matibabu. Anayekuahidi kwamba pesa zako zitamponya mgonjwa fulani kupitia utafiti huo anakudanganya. Mgonjwa naye asisukumwe kuwa sura ya harambee: picha yake itumike kwa idhini yake tu, na akikubali kutoa sampuli au kushiriki utafiti, ana haki ya kujiondoa wakati wowote, bila kutoa sababu na bila matibabu yake kuathirika.