Nderema nyekundu haina sumu

Asubuhi moja sokoni Mgandini, Tanga, mama mmoja alirudisha fungu la mboga ya nderema kwa sababu vikonyo vilikuwa vyekundu. "Hii ya porini, ina sumu. Nipe ya kijani." Muuzaji akacheka, akambadilishia.

Nyekundu na kijani ni mmea mmoja. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa majina mawili, Basella alba na Basella rubra, ila siku hizi wataalamu wanaihesabu kuwa spishi moja. Wekundu wake ni wa kundi moja na rangi ya bitiruti.

Wekundu huohuo ndio umewafanya watu waseme nderema inaongeza damu. Ponda tunda lake lililoiva uone: juisi ya zambarau inashika vidole, na kanga ikirukiwa ndiyo basi tena. Lakini rangi si madini ya chuma. Majani yanayo kiasi, tena chuma cha mboga mwili hukifyonza kwa shida. Kamulia ndimu au pika na dagaa, kitaingia vizuri zaidi. Mjamzito aliyepewa vidonge vya damu kliniki asiviache kwa ajili ya bakuli la mboga.

Linaloniudhi hasa ni hili la ute. Watu wanachemsha, wanamwaga maji, wanachemsha tena, eti wanatoa sumu. Ute ule ni nyuzinyuzi laini tu, kama wa bamia na mlenda. Wanachomwaga ni vitamini C na foleti. Mwenye mawe kwenye figo ndiye ana sababu ya kumwaga, maana nderema ina oksaleti, kemikali inayochangia mawe hayo, na sehemu yake huondoka na maji. Huyo amuulize daktari wake kwanza. Sisi wengine tukaange kitunguu na nyanya, tutie majani, dakika chache tu, kisha tui zito. Anayekerwa na utelezi aongeze ukwaju. Mimi kwa bada, ugali wa muhogo, siongezi kitu, tonge liteleze lenyewe.

Na wanaosema ni mboga ya porini, haipandwi? Kweli Usambara huota yenyewe pembezoni mwa misitu. Lakini chukua kikonyo kinene ulichotaka kutupa, kichomeke penye unyevu karibu na bomba la uani, ukiwekee mti wa kuparamia. Usichume tu kila kinachotambaa kwenye ua ukidhani ni nderema. Jani lake ni nene, linang'aa, na ukilivunja linatoa ute.